Ufundi wa Kumpokea Mtoto Aliye Njiani

Katika bonde la Rio Grande, kusini kabisa mwa Texas, Aprili ni mwezi wa kuagana. Magari ya familia za vibarua wa mashamba hupakiwa magodoro, masufuria na watoto, kisha safari huelekea kaskazini: Washington kwenye asparagasi na cheri, Michigan kwenye asparagasi, matango na bluberi, Minnesota na Dakota ya Kaskazini kwenye viazisukari. Watarudi Oktoba au Novemba, matufaha yakishachumwa. Mwezi Aprili muhula wa shule haujaisha, na watakaporudi mwaka mpya wa masomo utakuwa umeanza tangu katikati ya Agosti. Mtoto wa familia hiyo hukosa mkia wa mwaka mmoja na kichwa cha mwaka unaofuata, na mwakani mambo ni yale yale.

Wapo watu ambao kazi yao ni kuuunganisha mwaka huo uliokatika. Ni washauri wa wanafunzi, waandikishaji, watunza kumbukumbu na walimu wa ziada, na wengi wao hawakuajiriwa na shule moja, bali na wilaya kadhaa za shule zilizochangiana. Kadiri ninavyoifahamu kazi yao ndivyo ninavyozidi kuistahi, na sehemu ninayoistahi kuliko zote ndiyo isiyoonekana kabisa kwa mtu aliye nje.

Tuchukue binti wa darasa la kumi. Nimembuni, ila shida yake haikubuniwa. Yuko katikati ya jiometri, muhula wa pili. Texas hutoa nusu krediti kwa kila muhula uliokamilika, na sheria yake inataka mwanafunzi awe amehudhuria angalau asilimia 90 ya siku ambazo somo limefundishwa. Akipungukiwa, krediti inasimama mpaka upatikane mpango maalum wa kuifidia. Binti huyu akiondoka Aprili bila maandalizi, wiki zote alizosoma tangu Januari zinaweza kwenda bure. Hakuna atakayempa robo tatu ya krediti kwa robo tatu ya muhula.

Mshauri asiyeijua kazi humwandikia alama za siku hiyo na kumtakia safari njema. Anayeijua huandika kitabu gani kinatumika na darasa limefika sura ya ngapi. Huandika mada zilizobaki, mtihani wa jimbo ambao bado haujafanywa, chanjo zilizokwisha kutolewa. Kisha, kabla gari halijatoka, hupiga simu Pasco au Sunnyside, upande wa mashariki wa jimbo la Washington, akauliza: jiometri kwenu ni kipindi cha ngapi, na darasa lina nafasi? Shule za Washington hufungwa katikati ya Juni, zile za Texas zikiwa zimefungwa wiki kadhaa nyuma. Katika tofauti hiyo ya kalenda kuna mwanya wa kukamilisha kilichoanzwa, ilimradi mtoto aketi katika somo lile lile mara tu anapofika.

Hapo ndipo kazi ya mpokeaji inapoanza kuonekana. Njia rahisi ni kumweka palipo wazi, iwe sanaa, mazoezi ya viungo au sayansi ya darasa la chini. Atakaa kimya, atahesabiwa katika mahudhurio, na Juni ataondoka akiwa hana cha Washington wala cha Texas. Mpokeaji stadi huanza kwa kuuliza mtoto huyu atahitimu wapi. Jibu likiwa Texas, basi kwa wiki zote ambazo binti yuko kwake, shule ya Washington hufundisha kwa ajili ya cheti cha Texas. Hufuata mada alizoorodhesha mwenzao wa kusini, hutoa alama, huzirudisha zilikotoka ili krediti iandikwe huko. Kuhitimu kwa binti huyo hakutaingia kwenye takwimu za shule iliyompokea, na mwalimu aliyemfundisha mada nne za mwisho za jiometri hatakuwepo kwenye mahafali. Amefanya kazi ambayo sifa yake itaandikwa kwa mwingine, tena kwa uangalifu ule ule ambao angeutumia kwa wanafunzi wake wa miaka yote. Moyo wa huduma hizi za pamoja nauona hapo, kabla hata hatujafika kwenye fedha.

Jambo hilo linaonekana vizuri zaidi kwenye mitihani. Kwa miaka mingi mpango wa ushirikiano wa majimbo, wenye ofisi yake Pharr, mji ulio karibu na mpaka wa Mexico, uliratibu mitihani ya Texas ifanyiwe nje ya Texas. Mwalimu wa Michigan alipokea pakiti ya mtihani wa jimbo ambalo si lake, akasoma kanuni za usimamizi za jimbo hilo, akaketi na vijana ambao mchana walikuwa shambani, kisha akafunga pakiti na kuirudisha. Matokeo yalitangazwa Texas. Sijui mifano mingine mingi ya taasisi za serikali za majimbo tofauti zinazoaminiana kwa kiwango hicho katika jambo nyeti kama mtihani.

California, mwishoni mwa miaka ya 1970, ilikuja na njia nyingine. Somo zima la sekondari lilikatwa kuwa vijitabu ambavyo mwanafunzi anaweza kusafiri navyo. Anasoma kwa kasi yake, chini ya uangalizi wa mwalimu yeyote aliyepo pale alipo, na akimaliza kijitabu kimoja anapimwa kabla ya kuchukua kingine. Mpango huo uliitwa PASS, na majimbo mengine yaliuchukua. Waliouandika walikuwa wameielewa safari yenyewe. Walilikata somo katika vipande vidogo kiasi kwamba wiki chache za kambi ya vibarua zinatosha kumaliza kimoja, na kilichomalizika kimemalizika, hata kama kesho yake kambi inavunjwa.

Sasa fedha. Marekani ina wilaya za shule zipatazo 13,000, na kila moja ina bodi, kalenda na bajeti yake. Serikali kuu hutenga takriban dola milioni 375 kwa mwaka kwa ajili ya watoto hawa, nazo hupitia kwenye majimbo kabla ya kuzifikia wilaya. Wilaya ya mashambani yenye watoto tisa wa vibarua wa msimu hupata fungu lisilotosha kumlipa mtu mmoja hata kwa muhula. Ikibaki peke yake itanunua mabegi na madaftari, na fedha zimekwisha.

Ndiyo maana wilaya huchangiana. Texas ina vituo 20 vya kanda vya huduma za elimu. Wilaya ndogo hutia saini mkataba wa huduma za pamoja, mafungu yao yanaingia kwenye kapu moja linaloshikwa na kituo, nacho kinaajiri mwandikishaji, mtunza kumbukumbu na mshauri wa wilaya zote zilizosaini. New York ilikuwa na desturi hii kabla mpango wa watoto wa vibarua haujazaliwa. Mwaka 1948 iliruhusu shule za vijijini kuunda bodi za ushirikiano, zinazojulikana kama BOCES, ili zipate kwa pamoja huduma ambazo hakuna hata moja ingeweza kuzimudu. Leo bodi hizo ni 37. Washington ina wilaya tisa za huduma za elimu, California ina ofisi za elimu za kaunti 58. Majina yanatofautiana, lakini ukiingia ndani utakuta dawati moja lenye simu na ramani, na mtu anayejua Jumanne ni siku ya shule ipi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka California. Kuanzia mwaka 1967 wanafunzi wa vyuo waliokulia katika familia za vibarua wa mashamba waliajiriwa kama wasaidizi wa walimu, wakae na watoto walioishi maisha waliyoyaishi wao. Mpango huo uliitwa Mini-Corps, na uliendeshwa na ofisi ya elimu ya kaunti moja tu, Butte, kaskazini mwa jimbo, kwa ajili ya maeneo mengine mengi ya California. Kijana aliyewahi kufanya kazi ya nyumbani ya shule juu ya kreti la matunda hahitaji kuelezwa kwa nini mtoto anasinzia saa nne asubuhi.

Niseme pia ninachoamini kuhusu udhaifu wa mtindo huu, kwa kuwa kuusifu bila kuupima ni kuwakosea wanaoufanya vizuri. Mkataba wa pamoja unaweza kugeuka kisingizio. Wilaya ikishasaini, ni rahisi mkuu wa shule kudhani kwamba mtoto huyo sasa ni wa kituo cha kanda, kilomita 100 kutoka hapo. Naona ushirikiano hufanya kazi pale tu ambapo kila shule imebaki na mtu wake mmoja anayemjua mtoto kwa jina, na mtu wa kituo anampigia huyo, wala hapigi simu ya mapokezi. Mshahara unaweza kuchangiwa na wilaya kumi. Kumjua mtoto hakuchangiwi.

Kabla ya mshauri na mwalimu kuingia kazini, lazima mtoto apatikane, na hiyo ni kazi ya mwandikishaji. Katika kazi zote hizi, hii ndiyo ningependa kuitazama kwa muda mrefu zaidi.

Mwandikishaji haketi ofisini akisubiri. Huenda kwenye kambi za vibarua jioni wakishaoga, kwenye maduka ya mashine za kufulia siku ya Jumamosi, kwenye masoko ya mitumba, makanisani, kwenye duka linalouza tortila. Anachotafuta kimeandikwa na sheria kwa ukali. Mtoto asiwe amezidi umri wa miaka 21 na awe hajamaliza sekondari. Awe amehama ndani ya miezi 36 iliyopita, peke yake akiwa kibarua au pamoja na mzazi, mlezi au mwenzi aliye kibarua, na uhamaji huo uwe umevuka mpaka wa wilaya ya shule kwa sababu ya mahitaji ya kiuchumi. Kazi iwe ya kilimo au uvuvi, iwe ya msimu au ya muda usiozidi miezi 12, na kwa kawaida mfanyakazi awe ameianza ndani ya siku 60 baada ya kufika.

Ukiyasoma hivyo yanaonekana kama maswali ya kujaza kwenye karatasi. Yaulize sasa mbele ya mama aliyechoka, anayeandaa chakula cha kesho, asiyekujua, na mwenye kila sababu ya kumwogopa mtu mwenye kalamu na fomu. Mwandikishaji mzuri haanzi na tarehe. Anaulizia watoto, wamekula nini, mdogo anakohoa tangu lini, walikuwa wapi kabla ya hapa, huko walikuwa wakivuna nini. Tarehe hujitokeza zenyewe katika masimulizi: tulifika siku mbili kabla ya sikukuu ile, mvua ikawa imezuia kazi wiki nzima. Anazikamata moja moja bila kumtilia mama maneno mdomoni, kwa sababu swali linaloelekeza jibu huzaa fomu ya uongo, na fomu ya uongo itagundulika. Kila jimbo hulazimika kila mwaka kuhoji upya sampuli ya familia zilizoandikishwa, na angalau mara moja katika miaka mitatu wahojaji wawe watu wa nje wasiohusika na uandikishaji. Kanuni hizo zilikazwa mwaka 2008, pamoja na cheti cha kustahiki cha namna moja kwa nchi nzima, baada ya kubainika kwamba majimbo kadhaa yalikuwa yameandikisha watoto wasiostahiki.

Uraia hauulizwi. Mpango huu haujali hati za mzazi, na mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi iliyotokea Texas, iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu hana hati za kuishi nchini. Mwandikishaji anayejua kazi yake hulisema hilo mapema, kwa sauti ya kawaida, kabla mtu hajalazimika kuuliza.

Kisha anaandika. Katika cheti cha kustahiki kuna sehemu ya maelezo, na mtu anaweza kupima ustadi wa mwandikishaji kwa mistari hiyo michache. Atakayeisoma ni mtu wa jimbo jingine ambaye hatakutana naye kamwe. Akiandika tu “kazi ya shamba”, huyo wa mbele hana pa kushika. Akiandika kwamba baba alikuja kuchuma cheri, kazi iliyotarajiwa kwisha mwishoni mwa Julai, na kwamba kaka mkubwa wa miaka 17 hayuko shule bali anafanya kazi kikosi kimoja na baba, amemwachia mwenzake mlango wazi wa kumfuata kijana huyo pia.

Mzazi wa Tanzania au Kenya aliyewahi kumhamisha mtoto shule anajua barua ya uhamisho ilivyo, na siku zinazopotea kuifuatilia. Hapa uhamisho unatokea mara mbili kwa mwaka au zaidi, kuvuka majimbo yenye sheria tofauti, mara nyingi bila taarifa kwa sababu mavuno yamewahi au yameharibika.

Marekani ilichelewa kuwaona watoto hawa. Novemba 1960, siku moja baada ya sikukuu ya Shukrani, mwandishi Edward R. Murrow alionyesha kwenye televisheni ya CBS filamu kuhusu vibarua wanaozunguka na mavuno, na wengi walioketi na mabaki ya karamu walishtuka kuona chakula chao kinatoka wapi. Mwaka 1966 sheria ya elimu ikapata kifungu cha watoto wao. Rais alikuwa Lyndon Johnson, ambaye akiwa kijana, mwaka 1928, alifundisha watoto maskini wenye asili ya Mexico katika mji wa Cotulla, Texas.

Haukupita muda ikaonekana kwamba kumbukumbu ndizo zinazokwamisha kila kitu. Mtoto aliyehama mara tatu kwa mwaka alipimwa kusoma mara tatu na kuchanjwa chanjo ile ile tena na tena, kwa kuwa hakuna aliyejua kama alishachanjwa. Kwa hiyo, kuelekea mwisho wa miaka ya 1960, ilijengwa hazina ya kumbukumbu huko Little Rock, Arkansas. Kompyuta moja ilihifadhi taarifa za masomo na afya za watoto wa vibarua wa nchi nzima, na makarani wa majimbo waliifikia kwa mashine za kuchapa zilizounganishwa na simu. Kwa wakati ule lilikuwa jambo kubwa. Lakini taarifa zilichelewa, na mara nyingi mtoto alishaondoka zilipofika. Bunge likaukatisha mfumo huo mwaka 1994, nao ukafungwa mwaka uliofuata.

Miaka iliyofuata kila jimbo lilijitegemea au kujiunga na majirani wachache, mpaka mwaka 2007 ulipoanza mfumo wa MSIX, ambao huunganisha hazina za majimbo bila kuzifuta. Tangu kanuni za mwaka 2016, jimbo lina siku 10 za kazi kupeleka taarifa za mtoto mara tu cheti chake kinapoidhinishwa. Likiarifiwa kwamba mtoto aliyekuwa kwake ameonekana kwingine, lina siku nne za kazi. Nyuma ya siku hizo nne yuko mtunza kumbukumbu wa kituo cha kanda anayehudumia wilaya nyingi. Anafungua taarifa asubuhi, anaona jina, anagundua alama za jiometri hazijaingizwa, na anampigia mwalimu ambaye tayari yuko likizo. Angeweza kupeleka alichonacho, sheria ingetimia. Anapiga simu.

Julai 2025 serikali kuu ilizishikilia fedha za mpango huu pamoja na nyingine za elimu, kisha ikaziachia kabla mwezi haujaisha. Wiki chache zinaweza kuonekana ndogo kwa mtu aliye mbali. Kwa watoto hawa kiangazi ndicho msimu wa masomo ya fidia, na mwalimu wa mkataba asiyejua kama atalipwa hutafuta kazi nyingine.

Kuna jambo moja zaidi, nalo linawagusa wasomaji wa lugha hii moja kwa moja. Sheria inaposema kazi ya kilimo inaingiza pia hatua za kwanza za kuandaa mazao na mifugo. Kuchinja, kuchuna, kukata na kutoa mifupa kumo ndani. Kupika na kuoka kuko nje. Familia nyingi za wakimbizi kutoka Kongo, zinazozungumza Kiswahili nyumbani, zimepokelewa katika majimbo kama Texas, Kentucky na Iowa, na baadhi zimehama tena kufuata ajira za viwanda vya nyama. Kazi hiyo ikiwa ya muda, na masharti mengine yakitimia, watoto wao wanastahiki sawasawa na mtoto wa mchuma cheri: mwalimu wa ziada, masomo ya kiangazi, chakula cha bure shuleni, mtu wa kufuatilia krediti zao. Wilaya moja yenye familia mbili za Wakongo haitaajiri mtu wa Kiswahili. Wilaya kumi zikichangiana zinaweza, na mama wa Bukavu atahojiwa kwa lugha ambayo masimulizi yake yana tarehe ndani yake.

Fomu za kuandikisha mtoto katika shule nyingi za huko zina swali linalouliza kama familia imehama katika miaka mitatu iliyopita kutafuta kazi ya mashamba, uvuvi au viwanda vya chakula. Wazazi wengi huliruka, ama kwa hofu ama kwa kudhani kwamba mtu asiyeshika jembe halimhusu. Aliyehama Dallas mwaka jana kwenda Iowa kukata nyama kiwandani linaweza kumhusu. Akijibu ndiyo, mwandikishaji atampigia simu na kuomba kuonana naye. Atauliza siku waliyofika, kazi iliyowaleta, na shule ya mwisho ya kila mtoto; kadi za chanjo na ripoti za shule zilizopita, hata zikiwa za kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nakivale, ziwe mezani siku hiyo.